Kuseti sauti ya NVDA ndani ya Notepad kwa asiyeona anayeandika Kiswahili

Maswali yanayonifikia mkoani Tanga, kutoka Ngamiani, Chumbageni, Muheza mpaka Lushoto, ni yale yale. Mtu kawekewa NVDA, programu inayosoma skrini kwa sauti, kwenye kompyuta, kafungua Notepad, programu ndogo ya kuandikia ya Windows, kaandika "pole sana kwa msiba", na sauti inamsomea "poul". Anaandika "watoto wake wako pale", anasikia "weik" na "peil". Mwingine kila herufi anayoigusa inatajwa, mpaka akifika mwisho wa sentensi kasahau alianzaje. Wa tatu kabonyeza kitu bila kujua, sauti imekata, na nyumbani hakuna wa kumuuliza.

Kompyuta si mbovu na wewe hujakosea. NVDA hufuata lugha ya Windows, ambayo mara nyingi ni Kiingereza, na faili la Notepad ni maandishi matupu: halina alama yoyote ya kuiambia sauti kwamba hiki ni Kiswahili. Lazima uiambie wewe. Na uiambie kwa ajili ya Notepad peke yake, kwa sababu ukiweka Kiswahili kila mahali, barua pepe za Kiingereza na kurasa za mtandaoni nazo zitasomwa kwa matamshi ya Kiswahili, na utakuwa umehamisha tatizo tu. Njia ya kuyatenganisha inaitwa profaili, yaani mipangilio inayotumika kwenye programu moja tu, na ndiyo kiini cha mwongozo huu.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Kompyuta yenye Windows 10 au 11. Kama yako ni ya mtumba na bado ina Windows 7, tafuta NVDA toleo la 2023.3.4, matoleo ya baada ya hapo hayaikubali Windows 7.

NVDA yenyewe. Ni kisoma skrini cha bure, kinapatikana nvaccess.org. Ukurasa wa kupakua utakuomba mchango. Unaweza kuupita bila kulipa chochote. Kilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye naye haoni, na ndiyo maana kila kitu ndani yake kinafikika kwa kibodi bila kipanya.

Hedifoni. Usizidharau. Sauti ikitoka kwenye spika, kila unachoandika kinasikika na aliye karibu, ikiwemo barua ya siri.

Uwe unaijua kibodi kiasi cha kuandika jina lako bila msaada. Herufi F na J zina vinundu; hapo ndipo vidole vya shahada vinapokaa. Aliyezoea nukta nundu hatachelewa kuvipata.

Kama NVDA haijaingizwa na hakuna mwenye macho wa kukusaidia, bonyeza Windows+Control+Enter. Msomaji wa Windows mwenyewe ataanza kuzungumza, umtumie kupakua na kuingiza NVDA. Ukimaliza, bonyeza vitufe vile vile umzime. Wengi wanasahau hapa, halafu wanalalamika kwamba kompyuta inasema maneno mawili kwa pamoja.

Hatua

1. Washa NVDA kwa Control+Alt+N. Dirisha la kukaribisha litakuuliza mpangilio wa kibodi: "desktop" ni wa kibodi yenye namba upande wa kulia, "laptop" ni wa isiyo nazo. Chagua kulingana na ulicho nacho mkononi, maana baadhi ya vitufe hapa chini vinatofautiana. Hapo hapo kuna kisanduku cha kufanya Caps Lock iwe kitufe cha NVDA. Laptopu nyingi hazina Insert ya kueleweka, kwa hiyo mwenye laptopu naye akiweke tiki. Kuanzia hapa nikisema NVDA+kitu, nina maana Insert au Caps Lock pamoja na kitu hicho.

2. Kabla hujagusa mpangilio wowote, zoea vitufe vinne vya kujiokoa. Control inanyamazisha sauti. Shift inaisimamisha, na ukiibonyeza tena inaendelea ilipoishia. NVDA+T inakutajia dirisha ulilomo. NVDA+1 inafungua msaada wa kibodi: kila kitufe utakachobonyeza kitatajwa jina na kazi yake bila kutenda chochote, mpaka ubonyeze NVDA+1 tena. Kaa humo dakika chache. Anayeijua NVDA+1 hapotei kirahisi.

3. Badilisha injini ya sauti. Bonyeza NVDA+Control+S, na kwenye orodha chagua "eSpeak NG", kisha Enter. Kwenye Windows 10 na 11 NVDA huanza na sauti za Windows zenyewe, ambazo zinapendeza masikioni. eSpeak NG inasikika kama mashine, na watu wengi wanaikataa siku ya kwanza. Naomba uivumilie. Inakuja ndani ya NVDA bila kutumia bando, ina sauti ya Kiswahili, ni nyepesi hata kwa kompyuta ya zamani, na ukiipeleka kwa kasi kubwa maneno hayavurugiki. Kwa anayeandika kutwa nzima, uwazi ni bora kuliko utamu.

4. Fungua Notepad: bonyeza kitufe cha Windows, andika notepad, Enter. Ukiwa ndani ya Notepad, bonyeza NVDA+Control+P. Nenda kwa Tab mpaka "New", Enter. Andika jina, kwa mfano Kuandika. Bonyeza Tab, utafika kwenye chaguo la profaili itumike wapi. Kwa mshale wa chini chagua "Current application", na utasikia notepad ikitajwa pamoja nayo. Kisha OK, na dirisha la profaili litajifunga lenyewe.

Onyo. Ukibonyeza NVDA+Control+P ukiwa kwenye Desktop au kwenye kivinjari, profaili itafungwa kwenye programu hiyo. Kama hukulisikia neno notepad, bonyeza Escape, rudi Notepad, anza upya.

5. Sasa weka Kiswahili. Ukiwa bado Notepad, bonyeza NVDA+Control+V. Usiguse kitu kwanza: sikiliza jina la dirisha, au bonyeza NVDA+T likatajwe tena. Mwishoni mwa jina hilo NVDA inataja profaili unayoibadilisha. Ukisikia Kuandika, uko mahali pake. Ukisikia "normal configuration", toka, maana unataka kubadilisha kompyuta nzima. Nimekaa na watu wengi ambao profaili yao "haifanyi kazi", na sababu imekuwa hii moja.

Nenda kwa Tab mpaka "Voice". Bonyeza herufi S mara kadhaa. Zitapita Slovak, Spanish na nyinginezo mpaka ufike "Swahili". Simama hapo. Tab inayofuata ni "Variant", yaani namna ya koo: ya kike, ya kiume, nzito, nyembamba. Jaribu uone ipi haikuchoshi. Bonyeza Enter kuhifadhi.

Rudi Notepad uandike maneno haya, au yanayofanana nayo:

Ng'ombe wa jirani wamevuka barabara ya Pangani. Pole sana, mama. Watoto wake wako pale Same. Machungwa ya Muheza ni Tsh 2,000 kwa kikapu, mananasi, maembe n.k. Je, umesikia?

Nenda mwanzo wa faili kwa Control+Home, kisha usomewe yote: NVDA+mshale wa chini kwa mpangilio wa desktop, NVDA+A kwa laptop. "Pole", "wake", "pale" na "Same" sasa zisikike kama zinavyosemwa sokoni Ngamiani. "Ng'ombe" iwe neno moja. Kama ng'ombe imekatika, angalia kitufe ulichotumia: alama sahihi iko jirani na Enter, kushoto kwake. Ile iliyo chini ya Escape inafanana nayo kwa mwenye macho asiye makini, lakini ni alama nyingine kabisa. "Tsh" na "n.k." huenda zikasikika vibaya, tutazishughulikia hatua ya 9.

Jambo moja la kuzoea: menyu za Notepad ni za Kiingereza, na sasa zitasomwa na sauti ya Kiswahili. "File" utaisikia fi-le, "Save" utaisikia sa-ve. Baada ya siku chache sikio linazijua.

6. Kasi. Ibadilishe ukiwa katikati ya maandishi, bila kufungua dirisha lolote. Bonyeza NVDA+Control+mshale wa kulia mpaka usikie "rate", kisha NVDA+Control+mshale wa juu kuongeza au wa chini kupunguza. Kwa mpangilio wa laptop ongeza Shift. Anza na kasi ambayo huhangaiki kufuata, uongeze kidogo kila wiki. Kuna kisanduku kiitwacho "Rate boost" kwenye dirisha la sauti. Anayeanza akiache, kinaipeleka sauti mbio mpaka hutambui neno.

7. Amua unataka kusikia nini unapoandika. NVDA+2 ni kutajwa herufi, NVDA+3 ni kutajwa neno zima unapobonyeza nafasi. Kwenye matoleo mapya vitufe hivi vina chaguo zaidi ya kuwasha na kuzima, kwa hiyo bonyeza taratibu na usikilize kinachotangazwa.

Anayeanza kibodi awashe vyote viwili. Ukishaacha kutafutatafuta vitufe, zima herufi ubaki na maneno. Vitenzi vyetu ni virefu: "hawakutuandikia" ni herufi kumi na tano, na zikitajwa moja moja hutasikia neno, utasikia kelele. Likitajwa neno zima, sikio linakamata kosa papo hapo, maana neno lililokosewa herufi linasikika geni.

Isipokuwa mahali pamoja: "kula" na "kura", "mahari" na "mahali". Kwa kasi kubwa L na R za eSpeak zinakaribiana. Ukitilia shaka, peleka mshale kwenye neno, ubonyeze 5 ya upande wa namba mara mbili haraka, litatajwa herufi kwa herufi. Kwa laptop ni NVDA+Control+nukta, mara mbili vile vile. Kwa barua ya maombi ya kazi au ya mahakamani fanya hivi kwa majina yote ya watu.

8. Alama za uandishi. NVDA+P inazungusha viwango vinne: "none", "some", "most" na "all". Koma na nukta ya mwisho wa sentensi hazitajwi katika usomaji mpaka ufike "all". Chini ya hapo unasikia pumziko tu. Ushauri wangu: andika na kiwango cha "some", halafu unapohakiki panda "all" upitie mstari kwa mstari. Usiandike ukiwa "all", maana hata alama ya ndani ya ng'ombe itatajwa na kulikata neno.

Majina ya alama yanakuja kwa Kiingereza, na sauti ya Kiswahili ikiyasoma yanachekesha masikio ya mtoto na kumchosha mtu mzima. Unaweza kuyabadilisha. Bonyeza NVDA+N, ingia "Preferences", kisha "Punctuation/symbol pronunciation". Kwenye kisanduku cha kuchuja andika comma, nenda Tab mpaka orodha, chagua, kisha Tab mpaka "Replacement", futa kilichomo uandike koma. Fanya hivyo kwa nukta, mabano, kiulizo. Nukta ya mwisho wa sentensi ina mstari wake peke yake kwenye orodha, usiisahau. Chagua majina mafupi. "Alama ya mshangao" ni jina zuri darasani, ila ukilisikia mara thelathini katika kurasa mbili utajuta, "mshangao" inatosha. Na ujue kwamba majina haya hayakai ndani ya profaili, kwa hiyo ukishayabadilisha pita kwenye programu nyingine usikilize kama umeridhika nayo huko pia.

9. Kamusi ya matamshi. Hapa ndipo NVDA inapogeuka kuwa yako, na ndipo wengi hawafiki. NVDA+N, "Preferences", "Speech dictionaries", kisha chagua "Voice". Ziko tatu humo. "Default" inagusa sauti zote, "Temporary" inafutika ukizima NVDA, na "Voice" ni ya sauti inayotumika wakati huo peke yake. Tunataka ya tatu, ili sahihisho la Kiswahili lisiingie kwenye Kiingereza. Lazima uifungue ukitokea Notepad, sauti ya Kiswahili ikiwa inazungumza.

Bonyeza "Add". Kwenye "Pattern" andika kilichoandikwa, kwenye "Replacement" andika kinavyopaswa kusikika, kisha OK. Za kuanzia:

Tsh iwe shilingi
n.k. iwe na kadhalika
k.m. iwe kwa mfano
S.L.P. iwe sanduku la posta
Dkt. iwe daktari

Chini yake kuna chaguo la aina. Kifupisho kinachoishia na nukta kiache kwenye "Anywhere". Kisicho na nukta, kama Tsh, kiwekee "Whole word". Msilichukulie hili kirahisi. Mtu akiandika mil iwe milioni na kuiacha "Anywhere", basi "familia" itasomwa "familioniia", na "milango", "milima" na "kamili" zote zitaharibika. Herufi tatu zinatosha kuvuruga barua nzima, na anayeumia ni yule asiyeweza kuangalia kwa macho akajua kwamba faili liko salama na ni sauti tu inayodanganya.

Ongeza majina ya watu wa kwenu na ya mitaa yanayosomwa vibaya, kidogo kidogo, kila unapokutana nayo. Kamusi inabadilisha kinachosikika tu. Maandishi yenyewe hayaguswi.

10. Hifadhi kwa NVDA+Control+C. NVDA huhifadhi yenyewe ukiizima kwa utaratibu, lakini umeme ukikatika kabla hujaizima, mipangilio uliyoibadilisha inaweza kupotea. Bonyeza sasa hivi. Na faili lako nalo, Control+S.

Kwa asiye na kompyuta yake

Kama unaandikia kwenye kompyuta ya shule au ya duka la intaneti, ingia NVDA+N, "Tools", "Create portable copy", ichomeke flashi na uichague. Kuna kisanduku cha kunakili mipangilio yako, kitie tiki. Profaili, kamusi na majina ya alama vyote vitakwenda na flashi hiyo, na popote utakapoichomeka kwenye Windows utaendesha NVDA kutoka humo bila kuingiza kitu kwenye mashine ya mtu.

Kwa anayejifunza kuandika programu

Nafasi za mwanzo wa mstari ni sehemu ya kazi, hasa kwenye Python. NVDA+Control+D, tafuta "Line indentation reporting", chagua kutajwa, mlio, au vyote. Mlio unapanda kadiri mstari unavyoingia ndani, na ukizoea ni wa haraka kuliko maneno. Ukihamia Notepad++ kumbuka mambo mawili. Profaili ya Notepad haifuati huko, inabidi utengeneze nyingine. Na zima mapendekezo ya maneno, yako "Settings", "Preferences", "Auto-Completion": yakiwa wazi, Enter inaingiza neno lililopendekezwa badala ya kushuka mstari, na usipolisikia litabaki humo.

Mambo yakiharibika

Sauti imekata ghafla. Mara nyingi vidole vimegusa NVDA+S, ambayo inabadilisha namna ya kuzungumza: kimya, milio, kuzungumza, na kwenye matoleo mapya kuzungumza unapoomba tu. Ibonyeze taratibu mpaka sauti irudi kama kawaida. Ikigoma, Control+Alt+N inaiwasha NVDA upya. Ikigoma bado, chomoa hedifoni na uzime bluetooth; huenda sauti inakwenda kwenye kifaa kilicho chumba kingine.

Sauti ni Kiingereza tena ndani ya Notepad. Faili limefunguka kwenye programu nyingine. NVDA+T itakutajia jina lake.

Kila mahali kumekuwa Kiswahili. Uliseti kwenye "normal configuration". Toka Notepad, nenda Desktop, NVDA+Control+V, rudisha sauti ya Kiingereza, kisha urudie hatua ya 5 ukiwa Notepad.

Unabonyeza 5 usikie neno, badala yake namba inaingia kwenye maandishi. Num Lock imewaka. Izime.

Caps Lock haiwashi herufi kubwa. Umeifanya kitufe cha NVDA. Ibonyeze mara mbili haraka.

Neno moja linasomwa ajabu lakini ukilitaja herufi kwa herufi liko sawa. Ni kamusi. Rudi hatua ya 9 utafute mstari wenye herufi hizo, uubadilishe kuwa "Whole word" au uufute.

Umebadilisha vitu vingi na hukumbuki ulipoharibu. NVDA+Control+R mara moja inarudisha ulivyohifadhi mara ya mwisho. Mara tatu kwa haraka inarudisha NVDA ilivyotoka kiwandani, kwa hiyo ukiwa umepaniki usiibonyezebonyeze. Ikitokea umefanya hivyo, usihifadhi. Bonyeza mara moja tu, na mipangilio uliyohifadhi itarudi.